Naomba Nijaribu Kidogo

Leo nimeombwa gitaa tena, nami nikatoa. Huwa natoa, na si kwa ukarimu mtupu. Mwenye gitaa hulisikia akiwa amelikumbatia, sauti ikimpanda kifuani. Namna linavyosikika kwa aliyekaa mbele hataijua mpaka mwingine alipige. Leo nyuzi zangu nene zilitoa uzito ambao nikiwa mpigaji siusikii kabisa.

Aliyeomba hatujuani sana, lakini jinsi alivyolipokea ilinituliza moyo. Kwanza alivua pete. Kisha akasogeza chuma cha mkanda wa suruali hadi ubavuni, ndipo akanyoosha mikono miwili, mmoja ukashika shingo, mwingine ukabeba tumbo kwa chini. Wengi hawakikumbuki kile chuma. Mtu anakaa, analivuta gitaa kwake, anayumba na mdundo, na kule mgongoni mwa gitaa mikwaruzo inajichora bila yeye kuhisi chochote. Unakuja kuiona baadaye, ukiwa unalipangusa.

La pili, aliuliza kabla ya kugusa vigingi vya kukazia nyuzi. Nilikuwa nimezishusha nyuzi zote nusu sauti ili niimbe bila kukaza koo, na sikio lake lililiona hilo mara moja. "Umezishusha makusudi?" Nikamwambia ndiyo. Akaziacha hivyo hivyo, akapiga. Nilimheshimu sana kwa swali lile. Nyuzi sita za chuma zikikazwa kwa sauti ya kawaida huvuta kwa pamoja kwa nguvu ya takriban kilo 70, na ubao wa uso unaozihimili una unene wa milimita tatu hivi. Hapo si mahali pa kuzungusha kigingi kwa kubahatisha.

Hata hivyo sipendi adabu yote adaiwe mwombaji. Mwenye ala ndiye anayejua kilicho mkononi mwa mgeni, kwa hiyo yeye ndiye wa kusema. Nafikiria lile gitaa la miaka ya 1870 la Martin, kampuni ya Marekani inayotengeneza magitaa, lililoazimwa kutoka jumba la makumbusho la kampuni hiyo kwa ajili ya filamu. Ilipangwa libadilishwe na nakala kabla ya tukio la kuvunjwa. Halikubadilishwa, na mwigizaji Kurt Russell hakujua. Akalinyakua, akalipasua vipande vipande. Kampuni ikatangaza kwamba haitaazima tena magitaa kwa filamu. Siwezi kumlaumu mtu aliyefanya alichoambiwa akiwa hajui ameshika nini.

Ndiyo maana mimi husema mapema, kwa maneno machache: piga kwa kukaa, usilisimamishe ukutani, vigingi niachie mimi. Nikishasema, nanyamaza. Kumkatiza mtu katikati ya wimbo, au kumkodolea macho vidole, ni ukatili, hasa kwa anayejifunza. Anaona umempa kwa mkono mmoja na unamnyang'anya kwa mwingine. Na akimaliza, lipokee kwa shukrani na uliweke kando kidogo. Nimewaona wenye magitaa wakilipokea tu na kupiga papo hapo wimbo mgumu kuliko wa mgeni, wa haraka kuliko wa mgeni, na mgeni anajikunyata. Hilo linaniuma kuliko mkwaruzo wowote.

Ala nyingine zina mambo yake. Nywele za upinde wa fidla hazishikwi kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huzifanya ziteleze juu ya uzi badala ya kuukamata, na mtu asiyewahi kupiga fidla hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Tarumbeta na saksafoni huenda mdomoni, kwa hiyo pale kukataa hakuhitaji hata maelezo. Mwenye kipande cha mdomo cha ziada anaweza kukitoa akipenda.

Na kukataa kwenyewe naona tunakuogopa bure. Kuna anayepata mkate wake kwa gitaa lake, kuna aliyerithi la marehemu mzazi wake. Huyo aseme tu, "Hili siazimi, lakini niambie wimbo unaoutaka nikupigie." Visingizio vya uzi mbovu au kasha lililokwama humwacha mwombaji akijiuliza kama ana sura ya mharibifu, na kesho ataomba tena. Akiambiwa wazi atachagua wimbo, na muziki utaendelea.