Waliomwita Paulo Herme

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Matendo 14:8-20, Paulo na Barnaba wakiwa Listra. Kila nikilisoma huwa namkimbilia yule kiwete aliyeruka akatembea. Safari hii nimekwama mstari wa 12: watu wakamwita Barnaba Zeu, na Paulo wakamwita Herme, "kwa sababu ndiye aliyekuwa mnenaji mkuu."

Herme huyu, kwa Wayunani wa kale, ni mungu, mwana wa mungu wao mkuu Zeu na wa Maia, aliyezaliwa pangoni katika mlima Kyllene, Arkadia. Siku ileile ya kuzaliwa alitengeneza kinubi kwa gamba la kobe, na usiku akaenda kuiba ng'ombe wa mungu mwenzake, Apollo, akawaswaga kinyumenyume ili nyayo ziwachanganye wanaofuata. Wasafiri, wafanyabiashara na wezi, wote walimhesabu kuwa wao. (Wafanyabiashara wetu mnisamehe, si mimi niliyewaweka kapu hilo.) Zeu akamfanya mjumbe wake, mwenye viatu vya mabawa na fimbo mkononi. Alipeleka neno kwa walio hai, na waliokufa akawasindikiza hadi kuzimu.

Lakini ukimfuatilia kazini, utaona jambo. Katika utenzi wa Homer uitwao Odyssey, anatumwa kisiwani kwa Calypso, mungu wa kike, amwambie amwachie shujaa Odysseus arudi kwao. Herme anafika, anakaribishwa, anakula, anakunywa. Halafu anaanza manung'uniko: nimetumwa bila kupenda, nani kwa hiari yake angekatiza maji ya chumvi mengi namna hii, mahali pasipo hata mji mmoja wa watu wa kututolea sadaka? Anatoa agizo, anaonya juu ya hasira ya Zeu, anaondoka. Odysseus, mwenye habari yake, yuko ufukweni muda huo wote, analia. Mjumbe hakumfuata hata kumwangalia.

Nikasema moyoni, huyu namjua. Kuna mwaka nilitumwa na jumuiya kumpelekea mama mmoja mfiwa bahasha ya rambirambi. Ilikuwa masika, bodaboda ikazama kwenye tope mara mbili, viatu vyangu vya Jumapili vikaharibika. Nilipofika, kabla sijatoa hata neno la pole, nilianza na habari za barabara. Yule mama akanisikiliza hadi mwisho. Akaniletea maji ya kunawa miguu, akasema, "Pole na safari, mwanangu." Mfiwa ndiye aliyenipa pole. Bahasha ilikuwa bado iko mfukoni.

Turudi Listra. Pande zile za Frugia zilikuwa na hadithi yake, aliyoiandika mshairi Mrumi Ovid: Zeu na Herme walishuka wakijifanya watu, wakabisha hodi nyumba elfu wakafungiwa milango, mpaka wazee wawili maskini, Philemon na Baucis, walipowapokea. Wasiowapokea walifunikwa na maji. Huenda watu wa Listra walikuwa na hofu ya kurudia kosa hilo. Kuhani wa Zeu akaja mbio na ng'ombe na mashada ya maua.

Luka, mwandishi wa Matendo, anaongeza kwamba walipaza sauti kwa Kilikaonia, lugha ya wenyeji. Inaelekea mitume hawakuambulia kitu mpaka walipoona sadaka imefika langoni. Yaani aliyepewa jina la mungu wa ufasaha hakuelewa wenyeji wanasema nini! Mimi mstari huu hunichekesha, kisha hunitia aibu, maana sisi wahubiri tunapenda sana kuitwa wanenaji wakuu, na mara nyingi hatujui waliokaa mbele yetu wanalia nini.

Paulo na Barnaba walirarua mavazi yao, wakaruka kati ya watu: "Sisi nasi tu wanadamu hali moja na ninyi." Herme asingeweza kulitamka neno hilo. Yeye hazeeki, hafi, akichoka analalamika na kupaa zake.

Na hiyo hali moja ilionekana haraka. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini makutano walewale walishawishiwa, na Paulo akapigwa mawe, akaburutwa hadi nje ya mji wakidhani amekufa. Wanafunzi wakamzunguka. Akasimama, akaingia mjini. Mji uleule! Kesho yake akaenda Derbe, na baadaye akarudi tena Listra kuwatia moyo. Huko ndiko tunakomkuta Timotheo katika sura ya 16.

Kuna kitu kingine kidogo, nimekiona juzi tu. Miaka baadaye Paulo anawaandikia Warumi, Tertio akishika kalamu. Mwishoni, sura ya 16 mstari wa 14, anawatumia salamu ndugu kadhaa, na kati ya Flegoni na Patroba anataja muumini mmoja ambaye hatuelezwi lolote juu yake ila jina. Anaitwa Herme.