Kuvunja Mfupa Uliokwisha Kuunga

Juzi wodini mama mmoja wa Kongwa alinishika mkono. "Nesi, mfupa wa mwanangu umeshaunga, mnamvunja tena kwa nini?" Nikamkumbuka yule kijana wa bodaboda wa Hombolo, aliyevunjika kifundo cha mguu akafungwa hogo, ile plasta ngumu.

Uvimbe ulipopungua hogo lake lilibaki limelegea, hakurudi kupigwa eksirei, mfupa ukateleza humo humo. Alipotufikia, fibula, ule mwembamba wa nje, ilikuwa imeunga ikiwa fupi na imezungukia nje. Talasi, mfupa unaobeba muundi (mfupa mkubwa wa mguu) kifundoni, ikaifuata. Na talasi ikihama milimita 1 tu, eneo la mgusano kati yake na muundi hupungua kwa asilimia 42; watafiti Ramsey na Hamilton walilipima hilo mwaka 1976. Uzito wote unaangukia kipande kidogo cha gegedu, nacho kinasagika.

Tulipiga eksirei miguu yote miwili, maana urefu wa fibula unapimwa kwa kulinganisha na mguu usioumia.

Daktari akaikata fibula kwa msumeno, akakaza plati ya chuma kwenye kipande cha chini, akachomeka skrubu juu kidogo ya ncha ya plati, akaweka kipanuzi katikati na kukifungua polepole. Pengo likaachama. Kwenye skrini ya eksirei talasi haikutikisika.

"Ndani kumejaa," akasema.

Akafungua upande wa ndani wa kifundo. Kovu jeupe, gumu, lilikuwa limejaza nafasi yote ambayo talasi ingerudia. Akalikwangua, nami nikapokea vipande kwenye bakuli. Akasafisha pia kati ya fibula na muundi, akapanua upya, akaizungushia fibula ndani. Safari hii mstari mweusi wa kiungo ulikuwa na upana uleule kuizunguka talasi. Nikasema "Asante Mungu" kwa sauti, na hakuna aliyeninyamazisha.

Mengine yalikwenda haraka: mfupa wa kupandikiza kutoka nyongani, skrubu za juu, na moja ndefu toka fibula hadi kwenye muundi, sentimita 2 hivi juu ya kiungo. Halafu magongo, wiki kadhaa bila kukanyagia mguu huo.

Sasa anatembea mikono mitupu, ingawa asubuhi huchechemea. Gegedu iliyosagika hairudishwi na plati. Angerudi mapema, pengine hogo jipya lingetosha. Au labda nauli ya kutoka Hombolo ndiyo iliyomzuia. Sijawahi kumuuliza, wala simlaumu.