Homa Ilipomshuka Mke Wangu, Fahamu Zikaanza Kuyumba

Siku ya tano ya dengue ndiyo iliyonifunza kutoridhika na kipimajoto. Kwa siku nne mke wangu alikuwa na homa ya nyuzi 39 na zaidi, akilalamikia maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, nami nikimpa parasetamoli kwa saa nilizoelekezwa, bila aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa na damu. Asubuhi hiyo homa ilikuwa imeshuka hadi 37.1. Nilipokuwa bado namshukuru Mungu, alikinyooshea kidole kipimajoto akakiita ufunguo, kisha akaniuliza mara tatu kama mama yake, tuliyemzika miaka mingi iliyopita, ameshaamka.

Niliambiwa ni uchovu, nimwache alale. Sikukubali, kwa sababu muuguzi alikuwa ametuonya kwamba hatari kubwa ya dengue huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, na kwamba mgonjwa anayechanganyikiwa ni wa kukimbizwa hospitali.

Hospitalini, daftari langu lilinisaidia kuliko maelezo yangu ya kubabaika. Nilikuwa nimeandika joto, kila alipotapika na kila alichokunywa, na daktari aliona mara moja kwamba kwa siku mbili alikuwa ametapika sana huku akinywa maji matupu. Sodiamu, yaani madini ya chumvi katika damu, ilikuwa imeshuka mno, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 28,000, ilhali kiwango cha kawaida huanzia 150,000. Picha ya CT haikuonyesha damu kwenye ubongo.

Nilisisitiza wapime maji ya uti wa mgongo siku ileile, nikihofia virusi vimeingia kwenye ubongo. Daktari alinieleza kwa subira kwamba, chembe sahani zikiwa chini kiasi hicho, sindano ingeweza kusababisha damu kuvuja na kubana mishipa ya fahamu. Hata sodiamu waliipandisha polepole, kwani ikipanda kwa kasi huweza kuudhuru ubongo. Kungoja kule kulinitesa, lakini siku ya tatu wodini alifungua macho akaniita, “Baba watoto, mbona hujanyoa?” Kipimo kilipofanyika baadaye hakikuonyesha maambukizi.

Kabla ya kuturuhusu walinitahadharisha kuhusu ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao huweza kufuata dengue baada ya siku au wiki kadhaa, ganzi na udhaifu vikianzia miguuni na kupanda juu hadi kuathiri upumuaji. Kwa hiyo kila asubuhi nilimwomba ainuke kitini bila kushika kitu, kisha atembee kwa visigino. Hadi wiki ya sita miguu ilikuwa imara, ila jioni, akichoka, majina ya vitu vidogo yalikuwa bado yakimpotea, nami nilinyamaza nikamsubiri ayatafute mwenyewe.