Siku moja kwenye chumba cha mionzi: gesi, flajili na wapangaji wa tumboni

Saa kumi na moja alfajiri niko stejini nasubiri matatu ya kuingia mjini Nairobi. Mara nyingi jirani wa kiti huniuliza nafanya kazi gani. Nikisema natibu kansa kwa mionzi, anasogea dirishani. Huniuma kwa ajili ya wagonjwa wangu, maana nao hutengwa hivyo hivyo majumbani. Mionzi ya mashine yetu hukatika pale pale tunapoizima. Haibaki mwilini, haimfikii mjukuu anayemkumbatia bibi yake jioni.

Mimi si daktari. Mimi ndiye ninayemlaza mgonjwa, ninayelinganisha mistari ya leza na alama za wino tulizomtia ngozini, na ninayebonyeza kitufe.

Saa kumi na mbili na nusu tunaipasha mashine na kuipima. Saa moja mpaka saa tatu wanapita wagonjwa wa matiti na wa shingo ya kizazi, mmoja baada ya mwingine.

Saa tatu na robo anaingia mama mmoja mwenye kansa ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Leo ni dozi ya 14 kati ya 28. Kila siku anapata grei 1.8 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), zitafika 50.4, na asubuhi na jioni anameza vidonge vya kapesitabini, dawa ya kansa, ili uvimbe upungue kabla ya upasuaji.

"Mama, maji umekunywa?"

"Nimekunywa, mwanangu. Na chooni nimeenda."

Kibofu kikijaa, huusukuma utumbo mwembamba juu, mbali na mionzi. Puru nalo linatakiwa liwe tupu. Nikapiga picha ya kuhakiki na pale pale nikaona doa jeusi, kubwa kama yai. Gesi. Imeutanua ukuta wa puru, na uvimbe umehama kutoka mahali tulipoupangia. Nikibonyeza kitufe hivyo, sehemu ya uvimbe inaweza kukosa dozi yake, na utumbo usio na ugonjwa ukaipokea.

Watu hudhani bakteria wa tumboni ni mambo ya maabara. Mimi nawaona kwenye skrini. Makadirio ya mwaka 2016 yaliwaweka kwenye trilioni 38 hivi kwa mtu mmoja. Jana usiku mama alikula githeri. Maharagwe yana sukari ambazo utumbo wetu hauwezi kuzivunja, kwa hiyo zinafika chini zikiwa nzima, bakteria wanazichachua, na gesi inajaa. Nikamshusha kitandani atembee koridoni. Dakika ishirini. Picha ya pili, gesi ipo. Akatembea tena, huku kibofu kimeanza kumuuma, na kwenye benchi watu wanane wanatazama saa, nao wamekunywa maji yao na wamebanwa. Hakuna dakika ninazozichukia katika kazi hii kama hizo.

Hapo ndipo kijana wake aliponivuta kando. "Daktari, naomba usikasirike. Nimekuwa nikimpa flajili. Leo siku ya tatu."

Nilikasirika, sitaficha. Lakini nilimsikiliza. Mama alianza kuhara wiki iliyopita, na kijana akakesha akisoma kwenye simu. Akasoma kuhusu Fusobacterium, bakteria wa mdomoni anayejificha ndani ya uvimbe wa utumbo na kuukinga na mionzi. Flajili ni dawa ya kuua bakteria na inamuua huyo, basi akaenda duka la dawa.

Alichosoma si uongo, na ndiyo maana kumweleza kulinichosha. Mwaka 2012 timu mbili za watafiti zilimkuta bakteria huyo kwenye uvimbe wa utumbo mpana. Kwa panya, alidhoofisha kazi ya mionzi, na flajili ikasaidia. Lakini ni panya. Flajili haichagui: inawaua pia wale wanaogeuza makapi ya chakula kuwa butireti, ambayo seli za utumbo mpana huitumia kama chakula. Na kubwa kuliko yote, inajulikana kupunguza kasi ya mwili kuiondoa fluorourasili, dawa ambayo kapesitabini hugeuka kuwa hiyo mwilini. Dawa ikikaa kupita kiasi, sumu yake inapanda. Kuhara kwenyewe kunatokana na mionzi: inaua seli changa zinazoufanya upya utando wa utumbo kila baada ya siku chache, na wiki ya pili au ya tatu ndipo athari huanza kuonekana.

Nikampigia daktari. Mionzi iendelee, flajili ikome, damu ipimwe kabla mama hajameza vidonge vya jioni. Picha ya tatu ikatoka safi. Nikabonyeza kitufe saa nne na dakika arobaini.

Sijui chakula cha mchana nilikula saa ngapi. Nakumbuka mama akinijia baadaye, akiuliza kama maziwa lala, yale yenye bakteria hai, yatamsaidia. Nilimheshimu kwa kuuliza kwanza. Upo mwongozo wa kitaalamu unaokubali bakteria wa aina ya Lactobacillus kuzuia kuhara kwa wanaopata mionzi ya nyonga, lakini chembe nyeupe za damu zikishuka, bakteria hai wanaweza kuwa hatari. Nikamwambia tusubiri majibu. Nikamsimulia pia habari za Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1971 alihusisha uchache wa kansa hii vijijini Afrika na chakula chenye makapi mengi. Mama akasema hicho ndicho chakula alichokula maisha yake yote, akanyamaza. Nami sikuwa na jibu la kumpa, nikamshika mkono.

Mchana wote ni migongo, vitanda, mistari ya leza. Miguu imevimba. Mgonjwa wa mwisho ametoka giza limeingia.

Getini nawakuta mama na kijana wake. Majibu yamechelewa, lakini chembe nyeupe ziko sawa na kapesitabini inaendelea. Kijana amezirudisha flajili zilizobaki kwa mfamasia wetu.

"Kesho saa ngapi, mwanangu?"

"Saa moja, mama. Maji uanze kunywa saa kumi na mbili na robo. Na usiku huu, wali. Maharagwe yapumzike."

Akahesabu kwa vidole zimebaki dozi ngapi. Kumi na nne.