Nilivyoweza kukwangua Spätzle kwa ubao

Ukiolewa kwa Waschwaben wa kusini mwa Ujerumani, kama nilivyoolewa mimi hapa Stuttgart, iko siku utaulizwa kama unajua kupika Spätzle. Ni tambi fupi za mayai, nene nene, na nyama ya mchuzi bila hizo wenyewe wanaona chakula hakijakamilika. Madukani zimejaa za pakiti, na tangu 2012 Umoja wa Ulaya unalilinda jina la Spätzle za Kischwaben, ila mama mkwe za pakiti hazigusi. Hata kile kikamulio cha chuma anakinunia: tambi zikitoka zote sawasawa, kwake hizo ni za kiwandani.

Rojo lenyewe halina siri. Nusu kilo ya unga wa ngano, mayai matano, chumvi kijiko cha chai, na maji unayaongeza kidogo kidogo. Huku kuna unga wake maalumu, wa chengachenga kidogo, lakini hata wa kawaida unafaa. Kazi ni kulipiga. Unalipiga kwa mwiko mpaka litoe mapovu, na ukiinua mwiko lishuke zito, likivutika. Mkono utauma, vumilia. Kisha liache litulie kama robo saa.

Ubao ndio ulionitoa jasho. Una mpini, na ukingo wa mbele umechongwa ukawa mwembamba. Unauchovya kwenye sufuria ya maji ya chumvi yanayochemka, unapaka rojo kidogo, unalitandaza kwa bapa refu la chuma hadi ukingoni, halafu unakwangua ukanda mwembamba, unaangukia majini. Unakwangua tena, haraka haraka. Kilichonisaidia ni kuacha kuubahili maji ubao: kila baada ya mikwaruzo michache nauchovya tena pamoja na bapa, na rojo halinati. Halafu napaka kidogo tu kwa wakati mmoja, maana likirundikana hukatika mabonge. Yakitoka mawili matatu si neno, watoto huyagombania.

Zikielea zimeiva, ziopoe kwa kijiko chenye matundu. Wenyeji huzila kwa dengu na soseji. Mimi nazipanga kwa tabaka na jibini iliyokunwa, juu namwagia vitunguu vilivyokaangwa vikawa kahawia. Zikilala, asubuhi zikaange kwa siagi na uzivunjie yai.