Nilivyojifunza ufundi friji kwa kutoa majibu ya uongo

Watu wakiniuliza friji nimesomea wapi, nawajibu: Chuo Kikuu cha Bando. Ila kabla ya bando nilikaa miezi minane kwa fundi mmoja Buguruni, na nilichobobea ni kununua chapati. Kila bosi akishika mtungi wa gesi utasikia, "Dogo, hebu kalete chai." Ukirudi, mtungi umeshafungwa, friji inanguruma, hela iko mfukoni. Simlaumu sana. Ujuzi ndio shamba lake, na alijua nitakuja kufungua kibanda karibu yake. Nimefungua, ng'ambo ya barabara.

Jamaa yangu akaniambia achana na mzee, kila kitu kipo YouTube. Huyo ndiye wa kulaumiwa.

Kazi ya kwanza peke yangu ilikuwa Tabata, kwa mama anayeuza barafu za ubuyu. Friji haigandishi. Nikatafuta video, Mhindi mmoja anaelekeza vizuri kabisa: funga geji, jaza mpaka mshale usome kumi. Nikajaza mpaka kumi. Mrija wa kurudishia gesi ukaota barafu hadi kwenye kompresa, huku ndani ubuyu umebaki juisi. Nikadhani gesi haijatosha. Nikaongeza!

Usiku nikauliza kwenye grupu la mafundi la WhatsApp, lina watu wa kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Nikaangalia waliosoma: arobaini na kitu. Jibu hakuna. Mmoja akatupia tangazo la viatu. Nikarudia kwa adabu, "samahani wakubwa zangu." Kimya.

Hasira zikanipanda, nikaandika, nikitaja aina mbili za gesi ya friji, ya kwanza ndiyo ya friji ya mama: "Kwa wasiojua, R600a inajazwa kama R134a tu, mpaka geji isome kumi. Karibuni kwa ushauri."

Weee! Dakika tano hazikuisha, ujumbe wa sauti tisa. Wa Mwanza ananiita muuaji. Wa Mombasa anasema, "Ndugu yangu, hebu futa hiyo kabla hujaunguza nyumba za watu." Lakini ndani ya matusi yale kulikuwa na darasa zima ambalo bosi alinificha miezi minane. Video yangu ilikuwa ya R134a. R600a hujazwa kwa uzito, maana friji ikiwa kazini mshale unaweza kukaa hata chini ya sifuri. Gramu zake zimeandikwa kwenye stika nyuma ya friji. Na ni gesi inayowaka. Stika ya mama ilisema gramu 52. Mimi nilishindilia labda mara tatu yake, na jiko la mkaa lilikuwa hatua chache pale uani. Nikikumbuka, tumbo bado linanicheza.

Baadaye nikakuta ujanja wangu una hadi jina, Sheria ya Cunningham, kutokana na Ward Cunningham, Mmarekani ambaye mwaka 1995 alitengeneza "wiki" ya kwanza, tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaihariri: ukitaka jibu sahihi mtandaoni usiulize, weka lililokosewa. Usizidishe tu. Mara ya nne admini alinitoa, nikarudi kwa laini ya mke wangu.

Kitu kingine, rekodi sauti. Kompresa ikinguruma kidogo, ikakata "tak!", ikarudia, usiandike maelezo, tuma mlio wenyewe. Mzee mmoja wa Arusha, sura yake sijawahi kuiona, alisikiliza akajibu: "Chomoa rilei, kile kidude cha kuwashia kompresa, uitikise. Ikilia kama njugu, imekufa." Ililia. Kariakoo nyingine niliipata kwa kama elfu tano, sita.

Kuchomelea mrija ndiko kulikonishinda. Video nimetazama hadi bando la wiki likaisha siku mbili, na bado nilitoboa mirija mitatu. Hilo nilifundishwa na kijana wa gereji, Jumapili tatu, ada ni chipsi mayai na soda. Alinishika mkono kabisa.

Kwa mama nilirudi na mzani wa jikoni, elfu ishirini hivi. Jiko likazimwa, friji ikatolewa uani, nikamwaga gesi yote, nikavuta hewa, nikapima 52. Kesho yake barafu ngumu kama kokoto. Nilipotaja bei, mama akanilipa nusu taslimu, nusu kwa barafu za ubuyu. Bado namdai kumi na nne.