Marufuku iliyozaliwa na chuki
Sheria ya mji wa San Francisco, Marekani, ya mwaka 1875, iliyopiga marufuku nyumba ambamo watu walivuta kasumba (afyuni, dawa ya kulevya), ilizaliwa na chuki dhidi ya vibarua wa Kichina zaidi kuliko kujali afya za watu, na naamini chuki ya namna hiyo haikukauka hata mataifa yalipotia saini Mkataba wa The Hague wa mwaka 1912 wa kudhibiti kasumba na mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961. Hapa Dar es Salaam, kijana anayejidunga heroini huchangia sindano na wenzake mafichoni kwa kuwaogopa polisi, na hivyo huambukizwa VVU au homa ya ini. Inaniuma sana, kwa sababu tangu mwaka 2011 kliniki ya methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) ya hospitali ya Muhimbili humpokea mtu huyohuyo kama mgonjwa.